Mtambuu wa Mize

Mpopoo unaoubeba uko nyuma ya ukuta wa uani,
pale maji ya udhu yanapotokea
na kuinywesha ardhi bila kuombwa.
Mimi nilitaka kupanda migomba.
Mize akasema: hapana, pale pana mwenyewe.
Akaja na kipande cha shina kutoka kwao Kiuyu,
vifundo vitatu ndani ya kitambaa kibichi.
Viwili akavifukia, kimoja akakiacha kichungulie.
Nikacheka. Kamba hiyo, nikamwambia, itanilisha tambuu lini?
Hakujibu. Ulipoanza kupanda akaufunga mpopooni
kwa ganda kavu la mgomba, fundo legevu,
kama unavyomshika mtoto mkono barabarani.

Usiku wa kipupwe, hodi.
Saa nane, Tumu wa Shaame na mwanawe begani,
kifua kinalia kama mlango wenye kutu.
Mize hutoka na kibatari. Huchuma majani saba,
si ya juu machanga, si ya chini yaliyochoka,
kwa ukucha wa kidole gumba, tki,
midomo ikimcheza.
Huyapitisha juu ya makaa mpaka yalegee,
huyapaka mafuta ya nazi, huyalaza kifuani
yakiwa na joto la mkate.
"Na kukicha mpelekeni Wete kwa daktari.
Jani halishindani na sindano."
Pesa hapokei.
Chwale nzima wauita hivyo hadi leo, mtambuu wa Mize,
ingawa kiwanja ni changu na hati ninayo.

Tulimzika kabla ya kaskazi.
Kaskazi ikaja kavu, bomba likakaa siku kumi na moja
likitoa upepo tu.
Majani ya chini yakageuka manjano,
yakadondoka moja moja,
shina likabaki uchi kama ugoko wa mzee,
na huko juu, nisikofika, kishungi cha kijani kikinibeza.
Nikaegemeza ngazi, nikachuma cha juu. Kosa.
Nikamwaga samadi mbichi. Kosa la pili:
makonokono wakaalikana.

"Uteremshe," akasema Zume, jirani.
"Mtambuu ukizeeka haukatwi. Hulazwa."
Tukaubandua. Vijizi vyake vilikuwa vimeshika gamba la mpopoo,
vikatoka kama plasta kwenye kidonda.
Nikachimba. Sikupenda kuchimba.
Mwaka mmoja, mashimo mawili,
ni mengi kwa jembe moja.
Tukalizungusha shina kama kamba ya ndoo,
tukalifukia,
ncha tukaiacha nje, tukaifunga upya.
Fundo langu lilikuwa la kufungia mbuzi.
Zume akalifungua bila neno.

Nikamwuliza: wewe ulikuwa ukisimama naye.
Alikuwa akiusomea nini?
Nifundishe hiyo dua, nisije nikawapa watu jani tupu.
Zume akatazama pembeni, akajifuta udongo kwenye kanga.
"Dua? Alikuwa akikusengenya.
Kukoroma kwako. Bakora uliyonunua na mguu huumwi.
Zile elfu ishirini ulizomkopesha Faki.
Na siku uliyouita kamba,
hiyo haikupita wiki bila kuirudia."

Mvua za kwanza zimenyesha juzi.
Leo kifundo kimoja kimetoa jani,
dogo, linang'aa, umbo la moyo
lakini upande mmoja umezidi.
Sijalichuma.
Nimeleta kigoda, nimekaa,
maji ya udhu wangu yanapita chini ya miguu.
Sikiliza, nikaliambia, nikatazama kwanza kama Zume hayupo.
Chai yake ilikuwa mbaya.
Tangawizi kama adhabu, sukari kama sadaka.
Miaka thelathini na moja nimeinywa,
kila asubuhi,
nikiomba kikombe cha pili.